Njia Isiyopita Gari

Juu ya Kinole,
Morogoro.

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na magoti yako kabla sijauliza lingine lolote. Yamepata nafuu, au bado unashuka kitandani kwa kushika ukuta? Na mizinga aliyoacha marehemu baba, nyuki wamerudi? Huku tunapumua, na mkweo Yustina anakuamkia. Kalunde, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Soma yote, usiruke, na ukifika penye kichekesho usicheke haraka.

Mama, uliponipigia ukasema nimlete Yustina huko Tabora ajifungulie mikononi mwako, nilijibu "tutaona," kisha simu ikakatika. Haikukatika. Niliizima. Mtandao huku unashika juu ya mwamba mmoja tu, na hapo hawakosekani watu watano wanaosikiliza huku wakijifanya wanaangalia mawingu. Haya sikuweza kuyasema mbele yao. Ndiyo maana nimeandika, na barua atashuka nayo jirani yetu anayepeleka ndizi sokoni Mkuyuni.

Kazi yangu unaijua: nawaongoza wageni kwa baiskeli katika njia za zamani za milima hii, zile zisizopita gari. Tunaanzia upande wa Matombo, kwenye kanisa la misheni, tunapita kwenye migomba na mikarafuu, tunavuka vijito, mpaka tunatokea huku juu. Wazee wanasema njia hii ilichimbwa na babu zao kwa viboko, enzi za Mjerumani. Siku moja bibi mmoja wa ng'ambo alishuka kwenye baiskeli, akafumba macho, akaniambia nisikilize. Nikasikiliza weee, nikamwambia sisikii kitu. Akasema, "Ndicho hicho nilichokifuata." Tangu siku hiyo nikajua bidhaa yangu ni kimya. Tajiri wangu wa mjini akanipa ubao, nikauandika kwa rangi nyeupe kwa mkono wangu: NJIA HII HAINA MAGARI. Nikausimika kijijini, nikaupiga picha.

Wageni wanapapenda zaidi mahali panapoitwa Kona ya Mbuzi. Kulia jiwe, kushoto korongo, na njia ni ya mtu mmoja na mzigo wake kichwani. Wageni hupiga picha pale. Wenyeji hupita wamenyamaza. Mgonjwa akishushwa kwa machela, akifika pale lazima ainuliwe, asimamishwe wima, apitishwe kama gunia. Mwaka jana kijiji kikaitisha mkutano: tuipanue kona kwa majembe yetu wenyewe, kisha tuendelee taratibu mpaka gari lifike. Tajiri akaniambia, gari likifika wageni watahama. "Zungumza nao, wewe ni mkwe wao."

Sikuzungumza kama mkwe, mama. Nilizungumza kama mtani. Si unajua Mnyamwezi na Mluguru wanataniana tangu babu zetu walipokuwa wakipita huku na mizigo kwenda pwani? Naweza kumwambia mwenyekiti kichwa chake kibuyu, na hana ruhusa ya kununa. Basi nikasimama nikasema, "Waluguru nyie mmezaliwa na miguu ya mbuzi, gari la nini? Mkizoea gari mtasahau kutembea, itabidi tuwabebe sisi Wanyamwezi, na sisi kubeba tulishachoka!" Watu walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Shauri la kuchimba likafia hapohapo. Nilirudi nyumbani najiona bingwa wa maneno. Aliyekuwa hacheki ni mama mkwe peke yake. Alikuwa amekuja mkutanoni na jembe lake.

Kisha Yustina akapata mimba.

Mama, umenisimulia mara ngapi jinsi baba alivyokupakia kwenye keria kukupeleka hospitali, nikashindwa kusubiri, nikazaliwa njiani chini ya mninga, mkarudi watu watatu kwenye baiskeli moja? Mimi nimekua na hadithi hiyo kama wengine wanavyokua na sala. Kwa hiyo siku ya kliniki nilimwambia Yustina apande nyuma. Akaniuliza, "Huko kwenu kuna milima?" Nikamjibu, baiskeli ni baiskeli.

Si kweli. Kwetu ni tambarare, ukiacha kukanyaga pedali baiskeli inasimama yenyewe. Huku ukiacha kukanyaga ndiyo kwanza inaondoka. Manyunyu yalikuwa yameanza, na tulipokaribia Kona ya Mbuzi breki zikakataa kushika. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua mara moja tu. Nikachagua kugonga ukuta wa udongo, nikaliacha korongo. Mimi sikuchubuka hata kidole. Yeye aliangukia ubavu, na kabla jua halijazama alikuwa anaona damu.

Muuguzi wa zahanati alipanda kwa miguu kuja kumwona. Mtoto yu hai, mama, moyo wake unapiga, nimeusikia kwa masikio yangu. Lakini Yustina ameambiwa alale. Asitembee, asiguse baiskeli, asisimamishwe hata dakika moja. Mimba ikitimiza miezi minane ashushwe hospitali, na ashushwe amelala. Nikamuuliza muuguzi, "Na Kona ya Mbuzi je?" Akanitazama. "Si ninyi wenyewe mlioamua?"

Ndiyo sababu simleti, na ndiyo sababu nilizima simu. Zimebaki wiki tatu. Yeye anaangalia dari, mimi namwangalia yeye. Hawezi kushuka, na mimi siwezi kumwacha. Njia niliyoisifu kwa watu wa dunia nzima imetufungia ndani, na aliyetia kufuli ni mimi mwanao.

Nilikwenda kwa mwenyekiti, akawaita watu. Nikasimama palepale niliposimama mwaka jana, nikasema jamani tuichimbe ile kona.

"Haya, mtani kaanza!" mmoja akapiga kelele.

"Leo Mnyamwezi kachoka kubeba, anataka gari!"

Nikasema, "Jamani, sitanii." Wakacheka zaidi, kwa sababu hakuna mtani asiyesema hivyo. Nikalia. Mama, nililia kweli, kamasi zikanitoka mbele ya watu wazima. Mzee mmoja akanipigia makofi. "Huyu siku ya msiba wangu aje, anajua kulia!" Maana ndivyo tulivyo sisi watani, kwenye misiba yao tunajigaragaza na kuiga vilio vya wafiwa, na wao kwenye yetu. Sikumlaumu. Machozi yangu walishayaona mara nyingi, na yote yalikuwa ya uongo.

Nikachukua sururu nikaenda peke yangu. Siku mbili nilichimba, na kila aliyepita na ndizi aliniachia neno. "Mtani, unatafuta dhahabu?" "Mtani, kaburi hilo la nani?" Hilo la mwisho liliniuma, lakini aliyelisema hakujua.

Siku ya tatu alikuja mama mkwe. Lazima nikueleze, mama, ujue uzito wake. Mimi na yeye hatukaribiani. Nimeishi kwenye uwanja wake miaka miwili, na neno lake kwangu hupitia kwa Yustina. Tukikutana njiani, yeye huingia kwenye migomba mpaka nipite. Siku hiyo hakuingia kwenye migomba. Alifunga kanga kiunoni, akaja akasimama karibu yangu, mkono ungeweza kufika.

"Baba," akaniambia, "hamia huko kwenye udongo. Kwenye jiwe naanza mimi."

Alikuwa bado anapiga pigo la kwanza mwanamke mmoja alipotokea na mzigo wake, mdomo umeshafunguka kunitania. Akaona nani amesimama na nani. Mdomo ukajifunga. Kwa mkwe hakuna utani, mama, si kwetu wala kwao. Alitua ndizi, akaondoka, akarudi na jembe. Jioni tulikuwa saba. Mwenyekiti alikuja, akaangalia, akaondoka, na kesho yake akawa wa kwanza kufika.

Usifurahi bado. Jiwe ni gumu, na tunachochimba mchana mvua inakijaza udongo tena. Mpaka leo tumeongeza upana wa mkono mmoja. Tajiri analeta wageni Jumamosi, na akiikuta kona imebomolewa sina kazi tena. Ule ubao wangu nimeung'oa, tunabebea udongo. Sijui kipi kitafika kwanza, njia au mtoto.

Usije, mama. Magoti yako hayataiweza hii njia. Nenda tu kwenye kaburi la baba, umwambie mwanawe alitaka kumuiga na amekosea. Nisalimie baba mdogo anayetunza mizinga. Nisalimie shangazi, na umwambie jina la mtoto alilochagua tumelipokea. Na yule mzee fundi baiskeli aliyenifundisha kazi, mwambie breki hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa la dereva.

Kimya nilichokuwa nikiwauzia wageni, mke wangu sasa anakiogopa. Akiwa amelala ndani anasikia sururu zetu kule konani, na zikinyamaza anadhani tumekata tamaa. Niishie hapa basi, maana nimekaa kukuandikia, sururu yangu imenyamaza, na Yustina ameshaita mara mbili.

Mwanao,
Maganga