Karatasi Niliyomficha Wakili

Bonga, Babati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Dada Salome aliniambia sasa unafika kanisani bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Kahawa mmeshaanza kuchuma, au mvua bado inawasumbua? Sisi huku tupo. Daudi ameng'oka jino la mbele, na kila mgeni akiingia lazima aonyeshwe pengo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Ukiniuliza habari za kesi, nasema "inaendelea" kisha nakata. Haiendelei tena, Mama. Imekwisha. Hukumu ilisomwa Ijumaa iliyopita. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unipigie.

Unajua nilitoka nyumbani kule Sigino baada ya Emanueli kunipiga mara ile ya mwisho, nikapanga chumba hapa Bonga karibu na shule ninayofundisha. Watoto, Neema na Daudi, wakabaki kwa bibi yao, mama yake Emanueli. Baraza la usuluhishi la kata lilituita mara tatu, likashindwa, tukaenda mahakamani kuamuliwa talaka na malezi ya watoto. Ndipo walimu wenzangu wakanipeleka kwa wakili mmoja Babati mjini, mama wa makamo, jina lake Yustina. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, sheria niachie mimi. Wewe niletee ukweli wote, hata ule unaokuaibisha."

Nikamletea ukweli, lakini si wote.

Kuna jambo hata wewe sikukuambia. Siku ya pili baada ya kupigwa, ukoo wa Emanueli ulikaa kikao. Mimi mdomo umevimba, hata chai siwezi kunywa. Wakaandika karatasi kwamba ninaondoka kwa hiari yangu na watoto ninamwachia baba yao. Nikasaini. Sikuisoma hata mara mbili, nilitaka tu kutoka pale. Mwalimu mzima, ninayewafundisha watoto wa watu kusoma kwanza, nikasaini! Niliona aibu kumwambia wakili. Nikajidanganya kwamba labda wameshaichana.

Hawakuichana. Nikiwa nimesimama kizimbani, wakili wa Emanueli akainyanyua.

"Mwalimu, hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Kuna mtu alikushika mkono ukasaini?"

"Hapana."

Nikamtazama Wakili Yustina. Alikuwa ameinamisha kichwa, kalamu imesimama. Aliomba kesi iahirishwe, hakimu akatupa wiki mbili.

Tulipofika ofisini kwake hakunifokea, Mama. Afadhali angenifokea. Alisema, "Mimi na wewe tunalima shamba moja. Ukijua jiwe lilipo ukanyamaza, jembe linalovunjika ni letu sote."

Nililia mpaka nikaona haya. Akaniacha nimalize, kisha akanipa daftari. "Kaandike yote tangu mlipooana. Mabaya yake na mabaya yako. Mimi nitachagua la kulipeleka mahakamani, lakini sitaki tena kulisikia jambo kwa mara ya kwanza kutoka upande wa mwenzako."

Nikaandika siku nne. Niliandika hata siku niliyomtukana mama mkwe mbele ya watoto. Tukagawana kazi. Mimi nikamtafuta Mama Yusufu, jirani wa Sigino aliyeniosha damu na kunisindikiza polisi. Aliogopa, shamba lake limepakana na la ukoo ule, lakini mwishowe akakubali kusimama kama shahidi. Wakili akafuatilia kumbukumbu zangu za hospitali. Emanueli alikuwa akinitumia ujumbe wa matusi. Zamani ningemjibu. Sasa kabla ya kujibu nilikuwa namwonyesha wakili, naye ananiambia, "Jibu kama vile hakimu anasoma." Basi nikajibu, "Watoto wameamkaje?" Hivyo tu.

Ile karatasi ilikosa nguvu, Mama. Mama Yusufu alieleza nilivyokuwa siku ile, na hakimu akasema mtu aliye katika hali kama ile hasaini kwa hiari. Nikadhani tumeshinda.

Lakini Neema ana miaka kumi na miwili, na hakimu alitaka kumsikia mwenyewe. Jumamosi iliyotangulia alikuja kunitembelea. Tulikuwa tunachambua mboga. Akaniuliza, "Mama, hakimu akiniuliza niseme nini?"

Wakili alikuwa ameshanionya nisimfundishe mtoto hata neno moja. Mama, neno lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nikalimeza. Nikamwambia, "Sema lililo moyoni mwako, mwanangu."

Akalisema. Hakimu alimsikiliza ofisini kwake, sisi tukiwa nje. Siku ya hukumu akayasoma maneno yake: "Mama anaweza kujitegemea. Bibi macho yake hayaoni tena. Nikiondoka, nani atamwashia moto na kumshika mkono akienda nje?"

Daudi nimepewa mimi. Neema anabaki Sigino, likizo atakuwa anakuja kwangu.

Nje ya mahakama alinijia mbio, akanishika kiuno. "Mama, umenikasirikia?" Nikasema hapana. Emanueli alikuwa amesimama pembeni, anatazama chini. Hakuwa na sura ya mtu aliyeshinda.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili. Akasema, "Tunayo nafasi ya kukata rufaa. Ukisema twende, tutakwenda."

"Neema ataulizwa tena?"

"Huenda akaulizwa tena."

"Basi tuache."

Alivua miwani, akaifuta, akavuta faili. "Nitaandika kwenye faili kwamba mteja wangu ameridhika."

"Usiandike nimeridhika," nikamwambia. "Andika nimekubali."

Akaandika hivyo hivyo, akanigeuzia karatasi niisome kabla ya kusaini. Safari hii niliisoma yote.

Nisalimie Dada Salome na shemeji, na yule mtoto wao mchanga ambaye bado sijambeba. Shikamoo nyingi kwa Mjomba, mwambie maneno yake ya kunitia moyo yalinifikia. Msalimie Shangazi na jirani yetu wa ng'ambo ya mto, na wote wanaoniombea pale jumuiyani.

Mama, utampigia Neema, nakujua. Ukimpata, usimwulize kwa nini. Mwulize bibi yake ameamkaje.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Anastazia