Masikio ya Mjomba Wako

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Endagikot tuko wazima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeuliza kama umtie mwanao samli vuguvugu sikioni, maana kila akipata mafua usaha unatoka. Usimtie kitu chochote. Mpeleke hospitali, na usaha ukirudi, mrudishe.

Mjomba wako Paskali alianza hivyo hivyo akiwa na miaka miwili. Siku hizo maduka ya dawa ndiyo yalikuwa yanaanza kufunguliwa mnadani. Nilinunua vidonge vya rangi mbili, nikavifungua, nikachanganya unga wake na samli, nikammiminia. Usaha ukakauka, nikajisifu kwa majirani. Uliporudi nikamimina tena, masikio yote mawili, karibu miaka mitatu. Mabasi ya kwenda hospitali ya Haydom yalikuwepo. Mimi nilisema nina palizi.

Alipofika umri wa kuchunga ndama, nikawa namwita lakini haji. Nikasema ni mkaidi. Nilimchapa kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe, tena mara nyingi. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyegundua kwamba hasikii.

Usiniandikie kwamba sikujua. Wengi wameniambia hivyo na hainisaidii.

Sasa Paskali ana watoto wake. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, hageuki. Lakini nikiinua mkono mbele yake, hata kufukuza nzi tu, anakinga uso.

Ni mimi bibi yako.