Kitabu Ambacho Usingekichagua

Mpendwa Baba Neema,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Hapo nitaruka. Sisi hatujambo. Mto ulijaa lakini haukufika nyumbani, na mpunga wa kule ng'ambo umeanza kutoa masuke.

Nakuandikia kwa sababu ya kitabu kimoja. Sanduku la vitabu vya hadithi lilivuka kwa pantoni kutoka Ifakara Jumanne, kama lilivyokuwa likivuka ulipokuwepo, na masharti ni yaleyale: shule ichague ishirini kwa ajili ya darasa la tano na la sita, vinavyobaki virudi. Mwalimu mkuu alilileta hapa kwa baiskeli. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi niliishia darasa la saba." Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa ukisoma, Mama Neema. Marehemu alikuwa akisikiliza." Sikumbishia, kwa kuwa ni kweli.

Kumi na tisa nimeshavipata. Cha ishirini ndicho kinachonisumbua, maana wewe ungekirudisha Ifakara kabla ya kufika ukurasa wa kumi.

Nakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Wewe uliketi upande wa dirisha na madaftari ya kusahihisha, mimi upande wa mlango na kitabu kipya. Hukutaka nisome kama msomaji wa kanisani. "Soma kama unanipa habari za jirani," ulisema. Mwisho wa ukurasa wa tatu ulininyamazisha. "Ungeendelea?" Nikijibu ningeendelea, kitabu kilikwenda kulia. Nikisita, kilirudi sandukuni, hata kama kilikuwa na picha za rangi. Siku moja nilikitetea kimoja kwa sababu mtoto aliyemo alikuwa na adabu sana. Ukacheka. "Huyu hajakosea tangu azaliwe. Darasa la tano watamfuata wapi? Wao wanataka kujua kama mamba alimkamata au alimkosa."

Sheria yako nyingine ilikuwa moja tu. Kitabu ambacho ndani yake baba au mama anakufa hakikuchaguliwa. Mara ya kwanza sikuuliza sababu. Mara ya pili ulinieleza mwenyewe: "Hawa watoto wamezika vya kutosha. Wakifungua kitabu, wapumzike." Nilikubali. Miaka hiyo kengele ya msiba ilikuwa hailali.

Nakumbuka pia mwaka ambao wewe ulikosea. Masuke yakianza kujaa, nusu ya darasa huhamia ng'ambo na wazazi kuamia ndege wasile mpunga, na mtoto hukaa juu ya dungu kutwa nzima na kombeo lake na kamba ya makopo ya kuwatishia. Wewe uliwahurumia. Ukampa kila mtoto kitabu kimoja aende nacho shambani. Devota, mjukuu wa Mzee Kasiani, alipata kile kizuri kuliko vyote, cha ndugu wawili waliopotelea kwenye matete.

Siku ya nne Mzee Kasiani alisimama mlangoni kwetu ameshika fungu la masuke matupu.

"Shikamoo mzee," ulisema.

"Marahaba nimeiacha shambani, ndege wameila pamoja na mpunga."

"Karibu ukae."

"Sikai. Kitabu chako kimekula kona nzima ya shamba langu, mwalimu. Kwelea wameshuka, wamekula, wameshiba, wameondoka kwa nafasi zao, na huyu hajainua kichwa."

Devota alikuwa nyuma yake, kitabu kwapani. Ukamtazama, kisha ukauliza kitu ambacho mtu mwingine asingeuliza saa ile. "Ulikuwa umefika wapi?"

"Nilikuwa nimebakiza kurasa nne, mwalimu."

"Umeshazimaliza?"

Nilikukanyaga mguu. Mzee Kasiani akanigeukia mimi. "Mama Neema, huyu mumeo ni mzima?"

Kamati ya wazazi ilitaka vitabu vyote vifungiwe kabatini mpaka mavuno yaishe. Wewe hukubishana. Uliomba siku tatu, ukazimalizia juu ya dungu la Mzee Kasiani, ukivuta kamba pamoja na Devota. Ulirudi midomo imepasuka na sauti imekauka. Ukaniambia ndege hushuka asubuhi na alasiri, ila jua likiwa kali wanakuwa mitini. Ukaniambia pia kwamba kile kitabu hakikuwa na mahali pa kupumzikia, kila sura iliishia mtu akiwa karibu kuanguka. "Kosa si la mtoto. Nilichagua nikiwa mezani." Tangu hapo, vitabu vya kwenda shambani ulivitaka viwe na sura fupi, na Mzee Kasiani akatangaza sheria yake: kusoma ni mchana wa jua kali, ndege wakiwa wamepumzika. Kabati halikufungwa.

Neema sasa yuko darasa la tano. Hesabu anafanya, kazi za nyumbani anafanya, kanisani anaimba. Hadithi hasomi. Tangu tukuzike, nikifungua kitabu cha hadithi anaondoka kwenda kuchota maji, hata kama ndoo zote zimejaa. Sijawahi kumgombeza. Huwa namwaga kidogo kwenye mchicha ili maji atakayorudi nayo yapate pa kumiminwa.

Alhamisi baada ya chakula alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Mimi nilikuwa na kile kitabu cha ishirini. Sijui kuchagua kitabu kimyakimya, kwa hiyo nilisoma kwa sauti kama zamani, nikijua ataondoka. Sura ya pili baba wa mtoto wa hadithi hiyo anaumwa. Mistari michache mbele anazikwa, na mtoto inambidi apeleke ng'ombe wao kwa mjomba, kupita kwenye bonde lililojaa maji, peke yake. Nilifika hapo kabla sijatambua ninakokwenda. Nikanyamaza, nikataka kukifunga.

Neema hakuinua macho. Vidole viliendelea kwenye ungo.

"Mbona umenyamaza?"

"Baba yake amekufa."

"Nimesikia." Akatupa kijiwe nje. "Sasa mtoto akafanyaje?"

"Sijafika huko."

"Si ufike."

Nilisoma mpaka sura ya sita. Hakwenda kuchota maji. Yule mtoto alipowapitisha ng'ombe mahali penye kina, Neema akasema, "Mjinga huyu. Si angefuata vichuguu? Ukiona kichuguu, chini ni pagumu." Ng'ombe mmoja alipokataa kutoka majini, alicheka. Mchele ulikuwa umeshaisha mawe muda mrefu, lakini aliendelea kuuchambua.

Kwa hiyo nimefikiri juu ya sheria yako. Ulichosema kuhusu watoto ni kweli, wamezika vya kutosha. Lakini ulikisema ukiwa hai, mimi nikiwa upande wa mlango na Neema akiwa na baba. Nimevipitia tena vile kumi na tisa nilivyochagua kwa kukufuata wewe. Wamo watoto wanaopambana na majambazi, wanaopanda milima, wanaopotea mapangoni, na wote jioni wanarudi kwa baba na mama. Darasani kwa Neema wako wengi ambao hawarudi hivyo. Katika vitabu vyote kumi na tisa hamna hata mtoto mmoja wa namna yao aliyeachiwa avuke maji na kufika upande wa pili.

Sikulaumu. Uliwachagulia watoto uliowaona, nami namchagulia huyu ninayemwona. Sura za kitabu hiki ni fupi, nimehakikisha, ndege wasije wakatuletea tena Mzee Kasiani mlangoni. Bonde alilolieleza mwandishi linafanana na la kwetu, ingawa samaki wake amewapa majina ambayo hapa hatuyajui. Watoto watamsahihisha.

Leo nimeandika jina la shule ndani ya jalada lake na kukiweka kulia pamoja na vingine. Vinavyobaki vinavuka kurudi Ifakara Jumatatu. Neema aliniona nikiandika. Akauliza kama anaweza kubaki nacho. Nikamwambia hapana, ni mali ya shule, atasubiri foleni kama wenzake. Akakichukua mezani, akaketi nacho mlangoni, mahali nilipokuwa nikikaa mimi.

"Basi foleni inaanzia hapa," akasema, akafungua sura ya saba.

Nakuaga, Baba Neema. Pumzika. Nasikia anasoma, naye husoma haraka, na nisipokaribia sasa nitapitwa.

Mkeo,
Mama Neema