Futi Ishirini na Tano

Ainabkoi,
14 Juni 1971

Kwa Okello, mume wa Wacera,

Salamu. Natumaini wewe na binti yangu ni wazima huko Eldoret. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua baridi ikizidi, na hapa kwetu baridi haina likizo.

Usishangae mwandiko. Ni wangu mwenyewe, nimejifunza kwenye kisomo cha ngumbaru hapa shuleni. Hakuna mtu amenisaidia kuandika, na hakuna atakayeniambia nifute. Miaka mitatu umemwoa Wacera na sijaona mguu wako kwangu. Hilo tuliache. Leo naandika juu ya vyoo.

Jumatano watu wa ofisi yenu ya mipango walileta plani ya shule wakaipigilia misumari mlangoni. Watoto wetu mia moja na arobaini wanasomea kwenye zizi ambalo Bwana Kabuti, yule mzungu aliyekuwa na shamba hili kabla ya kampuni yetu wanakijiji kulinunua, alikuwa akikamulia ng'ombe. Afisa wa elimu amesema kama hatuna madarasa mawili ya mawe na vyoo vya kudumu kufikia Januari, ataifunga shule. Nyingine iko maili saba. Kwa hivyo niliifurahia hiyo plani, mpaka nilipozunguka nikaona vigingi vyenu vya vyoo. Viko hatua thelathini juu ya chemchemi tunayochota maji ya kunywa. Na chini ya plani kuna jina lako.

Nimeandika pingamizi. Nimelipigilia kando ya karatasi yenu, na nakala nimempa dereva wa lori la maziwa ailete ofisini. Badilisha.

Waithira, mama ya Wacera


Eldoret,
23 Juni 1971

Mama,

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Sisi hatujambo, Wacera ana mafua kidogo tu. Pole sana kwa goti.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mama, ramani ninayochorea haina chemchemi. Inaonyesha kisima cha pampu na mabomba mpaka kwenye zizi. Tena sheria inakataza jengo kukaribia barabara kwa chini ya futi sitini. Kiwanja cha shule ni chembamba. Madarasa yakishasogezwa nyuma futi hizo, vyoo havina pa kwenda ila huko nyuma kabisa. Sikukusudia ubaya.

Komiti ya mipango inakaa Septemba, halafu haikai tena mpaka mwaka mpya. Pingamizi likibaki, faili litarudishwa, na Januari itawakuta bila hata msingi. Nakuomba uliondoe. Tujenge kwanza, mambo ya maji tutayatengeneza baadaye.

Mkweo, Okello


Ainabkoi,
30 Juni 1971

Okello,

Salamu zako nimezipata. Mwambie Wacera anywe maji moto na aache kutembea bila sweta.

Hiyo baadaye yako iko mwezi gani? Kabuti aling'oa pampu na mabomba yote mwaka wa sitini na nne akaenda nayo. Unachorea ramani ya mtu ambaye hayuko. Nyumba sitini zinakunywa kwenye ile chemchemi. Mwaka juzi ndama alifia humo bila sisi kujua, na kwa mwezi mmoja tukazika watoto wanne, kuhara tu. Wawili walikuwa wa jirani yangu Njambi. Yule mdogo nilimwosha mimi kwa mikono yangu, kwa sababu mama yake hakuweza. Kwa hivyo usiniambie tujenge kwanza.

Naitaka shule hii kuliko wewe na ofisi yako yote. Nimebeba mawe yake kwa mgongo. Lakini pingamizi siondoi, hata nikibaki peke yangu, na wanaume wa kampuni wameshaanza kuninunia. Barabara yenyewe ina lori moja la maziwa, asubuhi linaenda, jioni linarudi. Waombe wapunguze hizo futi sitini. Sheria iliandikwa na watu, na wengine wao bado wanakuja kazini.

Na uje uone kwa macho. Ni safari ya asubuhi moja.

Waithira


Eldoret,
12 Agosti 1971

Mama,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mafua ya Wacera yalikwisha. Nisamehe kukaa wiki sita bila kujibu.

Nilikuja. Jumamosi ya tarehe saba nilishuka barabarani na tepu yangu nikapima mpaka saa tisa. Niliona chemchemi. Niliona akina mama na madebe yao, na ninaamini nilikuona na wewe, kitambaa cha manjano kichwani. Sikubisha hodi.

Acha niseme ukweli wote. Kwetu mtu haingii boma la mama mkwe mpaka aitwe na apewe siku. Kwenda bila kuitwa ni kumvunjia heshima. Nimengoja kuitwa miaka mitatu. Plani hii ilipofika mezani kwangu Machi, nilipaswa kwenda kukagua kiwanja, na njia inapita mlangoni kwako. Nikaona afadhali nitumie ramani ya zamani. Nilikuwa nakuheshimu, Mama, na kwa heshima hiyo karibu niwanyweshe watoto uchafu. Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Sasa nimeandika ombi la ruhusa ya pekee. Madarasa yakae futi ishirini na tano kutoka barabarani badala ya sitini. Hapo vyoo vinapata nafasi upande wa mashariki, ambako maji yanatelemkia bonde lingine. Lakini hapo ni mpakani na ua wako, mashariki ya jiko lako. Vitakuwa hatua kumi na tano kutoka jikoni kwako, na sheria haikubali hivyo bila jirani kuandika kwamba ameridhika. Sina mahali pengine. Nimepima mara tatu.

Mkuu wangu ameniuliza kwa nini plani ya kwanza ilikosewa. Tarehe mbili Septemba nitasimama mbele ya komiti niseme.

Mkweo, Okello


Ainabkoi,
18 Agosti 1971

Okello, mkwe wangu,

Goti limepoa. Nimekaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, leo naandika.

Sisi kwetu mkwe haitwi. Anajileta. Krismasi tatu nimechinja kuku na kuangalia barabara, nikisema moyoni, huyu Mjaluo anajiona nani? Kumbe na wewe umekaa huko ukisema, huyu mama anajiona nani. Wacera alikuwa akinyamaza tu katikati yetu, maskini, na mimi nilidhani ananificha kitu. Sisi wawili ni wajinga, na mimi nimekuzidi kwa sababu nimeishi zaidi.

Kuhusu vyoo. Sitasema uongo kwamba nimefurahi. Jiko hilo nililijenga mwenyewe, dirisha lake nililiweka mashariki nipate jua la asubuhi. Nilitafuta mahali pengine pa vyoo siku nzima, sikupata. Basi ruhusa yangu iko ndani ya bahasha hii, na jina langu nimeliandika, sikuweka dole gumba. Ipeleke.

Siku yako ya kuja kwangu ni Jumamosi, tarehe kumi na moja Septemba. Nimekuita. Komiti wakikataa, njoo. Wakikubali, njoo.

Mama yako, Waithira


Eldoret,
3 Septemba 1971

Mama yangu,

Natumaini u mzima. Wamekubali! Wanne kwa watatu.

Mwenyekiti aliuliza ni nani alichora vyoo juu ya maji ya watu. Nilisimama nikasema ni mimi, na kwamba sikwenda kuangalia. Mmoja alisema wakiruhusu shule moja, kesho kila mtu atajenga barabarani. Nikamwambia kesho kila mtu na alete sababu yake, yetu ni makaburi manne. Kisha wakapiga kura. Wameweka sharti: barabara ikipanuliwa siku moja, wazazi hawatadai fidia.

Mimi wameniondoa kwenye meza ya kuchora. Kuanzia Jumatatu napima maramu, ule udongo wa kumwaga barabarani, pamoja na vibarua wa barabara. Wacera alilia. Mimi niliumia, lakini nililala vizuri.

Tunakuja tarehe kumi na moja.

Mwanao, Okello


Ainabkoi,
20 Januari 1972

Okello mwanangu,

Salamu kwenu wote wawili. Mimi ni mzima, na kuku watatu wa Krismasi mliwamaliza bila huruma.

Afisa wa elimu amekuja leo. Ameingia madarasa yote mawili, amefungua mlango wa kila choo, akateremka mpaka kwenye chemchemi, kisha akaandika. Shule haifungwi. Watoto ni mia moja na sabini na mmoja, na Njambi ameandikisha yule wa mwisho aliyebaki naye.

Sasa nikwambie na mengine. Upepo ukitoka mashariki, jikoni kwangu hakukaliki. Hapo huwa nawatukana, wewe na komiti yako yote, mmoja mmoja, kwa sauti. Kisha nafunga dirisha naendelea kupika.

Mama yako