Sambaza Katika Tangi la Salmoni

Mount Druitt, 20 Julai 2023 (kwa simu)

Mdogo wangu Nicole,

Hamjambo hapo Bukavu? Mgongo umepoa? Mimi mzima, baridi ya Sydney tu ndiyo inanimaliza.

Nicole, nimeona kinyaa! Darasani kwa mjukuu wetu Prince wanafuga samaki waitwao salmoni. Wiki hizi ni zamu yake kupima baridi ya maji kila asubuhi, nami naingia naye. Mayai yameanguliwa. Pfuu! Vitoto kama uzi, macho yamewatoka, tumboni kinaning'inia kifuko chekundu kama kidonda. Nimeuza samaki soko la Kadutu miaka thelathini, sijaona samaki wa kunitapisha. Na watoto wamevipa majina! Ukutani wamechora mama yao: akishataga, anakufa mtoni. Kwa hiyo hawana hata wa kuwatafutia, na mwalimu amekataza wasipewe chakula. Leo siku ya tisa hawajala. Watu gani hawa?

Dada yako,
Chibalonza

Bukavu, 23 Julai

Dada,

Sisi wazima, mgongo bado. Hao watu wana roho mbaya! Saga sambaza kavu kidogo, wale dagaa wa ziwa letu niliokutumia, uwatilie. Nani atajua? Msalimie Prince.

Mdogo wako,
Nicole

Mount Druitt, 29 Julai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mwili mzima, roho siyo. Jumanne, Prince alipogeuka kuandika kipimo, nilitia konzi nzima ya sambaza, hata sikuisaga vizuri. Alhamisi maji yalikuwa mchuzi uliochacha, vitoto vyote themanini tumbo juu, vimeota ukungu. Harufu yake, Mungu wangu!

Kumbe kile kifuko ndicho chakula chao, wanazaliwa nacho. Mwalimu alishawaeleza watoto wote. Sasa wanasema ni Prince, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Wenzake hawakai naye. Aliona vichwa vya sambaza majini, akajua ni mimi, hakusema. Nami nimenyamaza. Nikisema, watatuonaje sisi Wakongo?

Dada yako,
Chibalonza

Bukavu, 31 Julai

Leo sikuulizi hali. Shauri la kijinga nilikupa mimi, sawa. Lakini wewe, mtu mzima, unakula, unalala, mtoto anabeba uchafu wako? Umenichefua. Usiniandikie mpaka umesema.

Nicole

Mount Druitt, 4 Agosti

Mdogo wangu,

Mungu akupe nafuu ya mgongo, na moyo wa kusoma hii.

Leo nilisimama mbele ya mwalimu, nikasema: "Niliyewaua ni mimi." Akamwomba Prince atafsiri. Prince akasema, akasema, mwalimu akampapasa bega, mimi akanitazama kwa huruma kama mama wa mwizi. Nikaelewa: mtoto amejitaja mwenyewe.

Nilijichukia, Nicole. Nikatoa mfuko wa sambaza, nikaufungua mezani, nikaonyesha tangi, nikajipiga kifua. Darasa zima likaziba pua. Mwalimu akaketi taratibu. Alielewa.

Njiani Prince alitangulia mbali. Karibu na kituo cha treni akanisubiri. Siku zote hunijibu Kiingereza, leo akatafuta Kiswahili, ili kinipate vizuri, akaniita bibi kama kwetu: "Koko, unanuka."

Nikamwambia najua. Akanipokea mkoba, akaubeba mbali na pua yake mpaka nyumbani.

Dada yako,
Chibalonza