Sura ya Saba Inabaki

4 Februari

Mpendwa Miwani,

Habari za huko? Mgongo unaendeleaje, na wifi yangu hajambo? Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo nayo yamestaafu bila kuniaga.

Wachapishaji wamejibu. Wanasema kitabu changu cha miaka thelathini ya ukunga ni kizuri na watakitoa, mradi niondoe sura ya saba. Unaijua: mtungi wa oksijeni uliokwisha, na mtoto wa yule binti muuza vitambaa akanifia mikononi. Eti inachafua jina la hospitali. Nimewajibu kwa mistari miwili: sura ya saba inabaki, na kitabu nitakichapisha mwenyewe. Binti wa steshenari nyuma ya posta ameshaanza kunichapia. Tarehe sita Aprili wastaafu wa hospitali tunakutana, na mganga mkuu wetu wa zamani atakuwepo. Nataka akikute mezani.

Najua kazi yako ilikuwa kusoma prufu. Usinianzie darasa.

Dada yako

11 Februari

Shikamoo dada,

Sisi wazima. Mgongo umezoea kulalamika, nami nimezoea kutousikiliza. Wifi yako anakusalimu sana.

Sura ya saba usiiondoe, hapo tuko pamoja. Lakini nilikaa kiwanda cha uchapaji miaka ishirini na miwili na nimeona waandishi wazima wakilia juu ya maboksi yao, kwa hiyo darasa utalipata. Usijisahihishe mwenyewe. Jicho lako linasoma ulichokusudia, si kilichoandikwa. Nitumie kurasa nizipitie kabla hazijaenda mtamboni. Kisha agiza nakala moja tu ya mfano, uishike, uifungue katikati uone kama inasomeka. Ukiridhika chapa hamsini, usizidishe. Na usikimbizwe na mkutano. Huyo mganga mkuu wenu akikosa la kujibu atashika nukta na mikato yako, na watu watamsikiliza.

Mdogo wako, Miwani

19 Februari

Miwani,

Marahaba. Magoti yangu yako vilevile, asante. Nimezalisha watoto zaidi ya elfu tatu bila msomaji prufu, na wote walitoka na vidole kamili. Nimeagiza nakala mia tatu.

Dada yako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Mwili hauna neno, moyo ndio unaoumwa.

Maboksi yalifika asubuhi ya mkutano, yakaenda ukumbini moja kwa moja. Sasa sikiliza. Kwetu wodini kosa kwenye faili la mgonjwa halifutwi. Unalipiga mstari mmoja ili liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi juu yake, unatia herufi za jina lako. Mkono wangu haujui njia nyingine, na ndivyo nilivyousahihisha mswada. Yule binti wa steshenari, mtiifu wa watu, kachapa vyote: neno bovu, neno zima, na herufi zangu. "Mama alikuwa na miaka kumi na tisa ishirini na mmoja." Kila ukurasa una lake. Na maneno ya upande wa ndani yamemezwa na gundi.

Mganga mkuu alifungua ukurasa wa tatu, akausoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma cheti cha daktari. Ukumbi ukacheka. Hata wakunga wenzangu walicheka. Sura ya saba hakuna aliyeifikia. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kukaa mpaka mwisho, maana sikutaka kumwachia kiti kitupu akifurahie.

Haya, sema uliniambia, kisha tuendelee. Sijashindwa. Nakutumia nakala. Ipige wino mwekundu bila huruma.

Dada yako

3 Mei

Shikamoo dada,

Pole sana. Huku hatujambo, na sikuambii kitu.

Makosa ni mia nne na sita. Wifi yako alinisomea kwa sauti, nami nikafuata kwa kidole. Pambizo za ndani nimezipanua. Hayo yote ni yangu, yamekwisha. Lililobaki ni lako.

Sura ya saba haina mtu. Mtungi umekwisha, basi. Simu ya kuomba mtungi mwingine imepigwa, basi. Asubuhi ile nani aliukagua mtungi? Kwa kuwa nakupenda, nilijikuta nataka kupita pale harakaharaka. Asiyekupenda hatapita. Usiichape mpaka umejibu.

Mdogo wako, Miwani

10 Mei

Nilikupa nukta na mikato, sikukupa dhamiri yangu. Usiniandikie.

Mkunga

25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba ya barua ile, imechelewa. Mgongo vipi? Nilikukasirikia wiki sita, tena kwa raha zangu.

Ni mimi niliyeukagua mtungi. Mara tatu niliripoti kwamba valvu yake inavuja, na asubuhi ile mganga mkuu alinijibu kwa maandishi kwamba imetengenezwa. Nikatia sahihi kwamba mtungi umejaa bila kuufungua. Valvu haikuguswa na mtu. Niliiamini karatasi nikauacha mkono wangu, na mtoto akafa. Nimeona aibu zaidi kuandika hivyo kuliko nilivyoona ukumbini. Sasa imo sura ya saba kwa maneno hayahaya, pamoja na barua ya mganga mkuu, maana niliitunza. Nakala ya mfano nimeishika na kuifungua katikati. Zichapwe hamsini.

Dada yako

17 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Mimi leo hata magoti siyasikii.

Jana nilisoma kitabu kwenye ukumbi wa maktaba. Mganga mkuu alikuja, ameshika nakala ile ya kwanza imejaa vipande vya karatasi vya kuonyesha makosa. Nilipomaliza akasimama. Akauliza kwa upole wake ule wa kikaoni vipi mtu aliyeshindwa kuandika umri wa mgonjwa aaminiwe kuhusu kifo cha mtoto. Watu wakanigeukia.

Nilimwambia, "Makosa ya kuchapa yalikuwa mia nne na sita, tumeyasahihisha. Langu la mtungi nimeliandika ukurasa wa themanini na nne. Lako liko themanini na tano."

Nikashuka jukwaani nikampelekea kitabu kipya mkononi. Safari hii hakuna aliyecheka. Akatafuta ukurasa, akausoma akiwa amesimama, na sisi wote tukamsubiri amalize.

Dada yako