Mwanachama Mmoja

Kwako Kabula, mwenzangu wa chumba cha Mlabani,

Mlio ule ulikuwa mdogo. Kifundo cha kidole kiligonga chuma mara moja, ngo, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Muda mfupi kabla ya hapo mimi nilikuwa nimeipiga ringi ile ile ya gurudumu la lori kwa kipande cha nondo, mara tatu, kwa nguvu zangu zote, hadi kunguru wakaruka kutoka paa la maktaba. Mapigo yangu matatu siyakumbuki yalivyolia. Lako moja nalisikia mpaka leo, hata kazini maabarani, chupa ikigusana na chupa.

Nakuandikia hadharani kwa sababu sina namba yako tena. Tena viongozi wa sasa wa chama cha wanafunzi wameniomba niandike historia ya chama kwenye kijitabu cha wanafunzi wapya. Nimewapa barua hii. Utaniwia radhi kwamba wengine wataisoma kabla yako.

Unakumbuka tulivyolisoma daftari la mihtasari nilipochaguliwa kuwa katibu? Tulikaa kwenye kitanda chako kwa sababu changu kilikuwa na mguu mbovu. Ukurasa wa kwanza, wanafunzi watano wanaomba taa ya maktaba, maana walikuwa wakisomea kwenye baraza la duka karibu na soko. Kurasa za mbele wanaomba kisima, kisha vyandarua, kisha haki ya mwanafunzi kusindikizwa na mwenzake akiitwa ofisini. Kengele ya chuo ilikuwa ya utawala, na utawala haukuwapigia wao. Wakaomba ringi ya lori la mpunga lililofia karibu na geti, wakaitundika kwenye boriti ya banda la baiskeli.

Halafu ule ukurasa uliokuchekesha. Mtu aliigonga ringi akakimbia, bweni zima likaadhibiwa. Wanachama wakakaa, wakaandika kanuni ambayo haijafutwa hadi leo: anayegonga ndiye anayeanza kusema.

"Mayu, hawa watu walikuwa wakali," ulisema. Uliniita mayu, kama Wasukuma mnavyowaita mama zenu kwenu, ingawa tulikuwa rika moja.

"Je, ukigonga halafu huna la kusema?"

"Utasema shikamoo, ukae."

Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Nikiri kwamba wivu wangu ulianza kabla ya siku ile ya mlio wako. Mama yangu alilalamika miaka yote kuhusu ng'ombe wa Wasukuma kwenye mpunga wetu wa Mkula. Nilipokupeleka nyumbani mara ya kwanza alikuhoji kama polisi. Ukamwambia, "Mama, ng'ombe wetu hawajui kusoma mpaka, lakini mimi najua. Nionyeshe shamba lako nikawaambie." Tangu hapo nikifika peke yangu aliniuliza, "Kabula yuko wapi?" Shikamoo yangu akaiitikia baadaye. Mimi nilihitaji miaka ishirini kuwa mtoto wa yule mama. Wewe ulihitaji jioni moja.

Kisha ikaja masika ile. Wewe na wenzako kumi mlikuwa kwenye mafunzo ya vitendo huko Mchombe, kwenu. Maji yakaikata barabara, mkafika siku moja baada ya mtihani kuanza. Mkaambiwa mmechelewa, mrudie mwaka. Mimi nikiwa katibu nilikaa na kalamu saa ile ile, hata matope hamjanawa. Niliandika kurasa tatu. Zilikuwa nzuri, Kabula. Zilikuwa na vifungu vya katiba ya chama, na mfano wa ile taa ya maktaba, na sentensi ya mwisho niliyoirudia kichwani hadi nikaipenda. Niliandika kwa ajili yako, na pia kwa ajili yangu. Nilitaka siku moja watu waseme kwamba nilikuokoa.

Nikagonga. Wanafunzi wakajaa. Mkuu wa taaluma akatoka, akasimama na mikono nyuma. Nikafungua karatasi zangu, na sauti haikuja. Nilimwona yule mwalimu akiangalia saa.

"Katibu," mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "umetuita kuangalia baiskeli?"

Wakacheka. Ndipo ukapita katikati yao, sketi ina matope hadi magotini. Ukanitazama. Ukanyoosha mkono ukaigonga ringi kwa kifundo cha kidole, ili kanuni isivunjwe, ili mtu asije akasema umeninyang'anya zamu. Hata wakati ule uliikumbuka kanuni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

"Shikamoo mwalimu," ulisema. "Samahani kwa matope. Basi liliishia pale maji yalipokata barabara. Tumetembea mpaka tukapata lori la mpunga. Mnasema tumechelewa, sawa. Basi tuelekezeni, tulitakiwa kupita wapi?"

Hukuongeza neno. Mimi ningeongeza kurasa tatu. Mwalimu aliangalia matope yako. Kesho yake likabandikwa tangazo kwamba mtapangiwa mtihani wenu.

Watu walikubeba juu. Mimi nilirudi chumbani kuandika muhtasari, maana ndiyo kazi ya katibu. Niliandika hivi: "Ringi iligongwa na katibu. Mwanachama mmoja aliuliza wanafunzi walitakiwa kupita wapi." Kila neno ni kweli. Nilijua majina yako yote matatu, nilijua hata la bibi yako, na niliandika mwanachama mmoja.

Kikao kilichofuata niliusoma muhtasari kwa sauti. Safari ile sauti ilikuja. Nilipofika kwenye sentensi ile uliinua macho. Mwenyekiti akauliza nani anathibitisha. Mkono wako ukawa wa kwanza.

"Nathibitisha," ulisema. "Uko sahihi."

Hatukugombana. Baada ya wiki chache ulipata nafasi bwenini, ukahama na ndoo yako na ile redio. Uchaguzi ulipofika nikagombea uenyekiti, nikashinda, na kila aliyenipa mkono aliuliza, "Kwa nini rafiki yako hakugombea?" Nilishinda kwa sababu hukuwepo. Mwaka mzima niliongoza chama nikiwa najua hivyo. Nilisimamia mambo ya maana, yako daftarini, lakini nilipoingia ofisi yoyote nilijikuta nikijiuliza wewe ungeuliza swali gani.

Mwezi uliopita katibu wa sasa alinifuata kazini, binti anaitwa Anjela.

"Shikamoo dada. Ni wewe uliyesema ile ya tulitakiwa kupita wapi?"

"Nani kakwambia?"

"Daftari. Katibu ndiye aligonga, na anayegonga ndiye anayeanza. Kwa hiyo mwanachama mmoja ni wewe, ila ulijificha kwa unyenyekevu." Alinitazama kama mtu anayetazama picha. "Dada, wa mwaka wa kwanza wanaijua kama sala. Tunaichora ukutani kwenye ofisi mpya, na jina lako chini."

Sikusema ndiyo. Nilitabasamu. Nilikaa na tabasamu lile siku tisa, Kabula, na sitakudanganya, zilikuwa siku tamu. Nilipita chuoni kwa makusudi. Nilimwona fundi rangi akiwa ameshachora herufi kwa penseli, swali lako lote, na chini yake jina langu. Lilipendeza. Nikawaza kwamba wewe huwezi kujua. Nikawaza kwamba hata ukijua, utainua mkono useme uko sahihi.

Hilo la pili ndilo lililonishinda. Sikutaka tena kupewa kitu na wewe.

Jana asubuhi nilimwomba Anjela daftari la miaka yetu. Mihtasari iliyothibitishwa haifutwi. Mwenye marekebisho huandika pembeni, akaweka sahihi mbele ya katibu aliyeko. Niliandika: "Mwanachama mmoja ni Kabula, wa Mchombe. Aligonga ringi kwa kidole kabla ya kusema. Katibu alinyamaza." Nikasaini. Anjela akasoma mara mbili.

"Dada, sasa ukutani?"

"Mwandikeni yeye."

"Na wewe?"

"Mimi niko daftarini."

Fundi alinung'unika, akafuta penseli kwa kitambaa cha maji. Nilisimama pale nikakuandikia majina yako matatu kwenye kipande cha karatasi, asije akakosea. Nilingoja hadi rangi ikakauka. Bado nakuonea wivu. Nilipokuwa naondoka nilipita banda la baiskeli, nikaigonga ringi kwa kifundo cha kidole, mara moja. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akifungua baiskeli yake akageuka kunisikiliza.

Nikamwambia jina lako.

Aliyekuwa mwenzako wa chumba,
katibu.